Kuomba chuo kikuu baada ya kidato cha sita: kuanzia matokeo hadi barua ya udahili

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na simu yangu huanza kulia siku hiyohiyo. Wanapiga wazazi wa mtaani, ndugu walioko kijijini, na vijana niliowafundisha. Swali ni lilelile: "Mwalimu, sasa tunaanzia wapi?"

Mwongozo huu ndio jibu langu, kwa Tanzania na kwa anayekwenda kuanza mwaka wa kwanza wa shahada. Kujaza fomu yenyewe hakuzidi saa moja. Vijana wenye sifa hukosa chuo kwa mambo yanayotokea kabla ya fomu, walipochagua kozi bila kusoma vigezo, na baada ya fomu, ujumbe muhimu ulipoingia kwenye simu ya mtu mwingine. Sehemu hizo mbili nitazieleza kwa kirefu.

Fahamu kwanza unaomba kwa nani

Wapo wazazi ambao bado wanasema "jina lake tumelipeleka TCU". Ilikuwa hivyo hadi mwaka 2016, maombi yote yalipopitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo TCU. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kwenye mfumo wa chuo husika. Ukitaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam unaingia kwenye tovuti yao, ukitaka Sokoine unaingia ya Sokoine. TCU imebaki msimamizi: inaweka kiwango cha chini cha sifa, inatoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka, na inahakiki majina ya waliochaguliwa kabla vyuo havijayatangaza.

Kwa hiyo mtu akikuomba fedha ili "akupitishie jina TCU", usimpe hata senti. Na chuo chochote usichokifahamu, kitafute kwanza kwenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa iliyoko kwenye tovuti ya TCU. Kisipokuwemo, achana nacho, hata kama bango lake ni zuri na ada yake ni nafuu.

Yafanye haya kabla matokeo hayajatoka

Mtihani huisha Mei. Kati ya hapo na Julai kuna wiki kadhaa ambazo wengi huziacha zipite bure.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Kama huna, nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au ofisi ya mkuu wa wilaya uanze taratibu sasa. Kama unacho na utaomba mkopo, kihakiki kupitia mfumo wa RITA wa mtandaoni. Uhakiki huchukua siku kadhaa, na Julai foleni ni ndefu kwa sababu nchi nzima imekumbuka siku moja. Yatima wahakiki pia cheti cha kifo cha mzazi. Walioko Zanzibar wana wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii.

Ukiwa na cheti mkononi, linganisha majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi, cheti cha kidato cha nne kinasema Juma Hamis Ally. Kwako ni mtu mmoja, lakini kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Tofauti kama hiyo hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili au kwa hati rasmi ya kubadili jina, na ni rahisi kuishughulikia Juni kuliko Oktoba ukiwa kwenye mstari wa usajili.

Kisha laini ya simu na barua pepe. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako au la mzazi wako, na uwe na uhakika nayo kwa mwaka mzima. Barua pepe ifungue mwenyewe, na nywila iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Nitaeleza mbele kwa nini nalisisitiza hili.

Halafu kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi huitwa mafunzo ya mujibu wa sheria katika miezi hiyohiyo, na ukiwa Oljoro, Mafinga au Ruvu huwezi kuitegemea simu. Kabla hujapanda basi, kaa na mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, mama, baba, kaka au dada. Mwachie ile laini, ile barua pepe, namba zako za mtihani na orodha ya kozi unazozitaka kwa mpangilio. Msiishie kwenye "utanichagulia tu". Nimeona binti aliyerudi kutoka kambini akakuta amechaguliwa kozi ambayo hajawahi kuifikiria, kwa sababu mjomba aliona jina lake linapendeza.

Hesabu pointi zako kwa jedwali sahihi

Hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na TCU wote wanazungumzia pointi, lakini wanahesabu kinyume.

Kwa NECTA, pointi chache ndizo bora. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi yako: 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu.

Kwa udahili wa chuo, pointi nyingi ndizo bora. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015, wakati kulikuwa na alama ya B+, wana jedwali lao ndani ya kitabu cha TCU.

Sifa ya chini kabisa kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni prinsipo mbili, yaani alama kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo mawili yanayohitajika na kozi unayoomba. D na D zinatosha. C na E zinatosha. D na E hazitoshi. Maneno "yanayohitajika na kozi" yana uzito wake: B ya Historia haikusaidii chochote ukiomba kozi inayodai Kemia na Biolojia.

Mfano huu ni wa kijana wa karibu yangu. Alisoma PCB akapata Fizikia E, Kemia C, Biolojia D. Kwa NECTA hizo ni 5, 3 na 4, jumla 12, divisheni ya pili, na nyumbani walisherehekea kwa haki. Kwa udahili ni 1, 3 na 2, jumla 6. Kitabu cha TCU cha miaka ya karibuni kinadai kwa udaktari wa binadamu prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia zenye jumla isiyopungua 6. Familia iliona ile 6 ikaishia hapo. Sentensi iliyofuata ilidai angalau D katika kila somo, na yeye alikuwa na E ya Fizikia. Wakaomba udaktari vyuo vinne na kulipa ada ya maombi mara nne. Hakuna chuo kilichomchukua, wala kisingeweza.

Kijana huyo alikuwa na pointi 5 katika Kemia na Biolojia. Ualimu wa sayansi ulikuwa wazi kwake, na kozi kadhaa za kilimo pia. Aliziona awamu ya pili, nafasi nyingi zikiwa zimekwisha kuchukuliwa.

Soma mstari mzima wa kozi

Kitabu cha TCU hupatikana bure kwenye tovuti yao. Vipo viwili: cha wenye kidato cha sita na cha wenye stashahada au sifa linganishi. Hakikisha umepakua cha kwako na ni cha mwaka huu, kwa sababu vigezo hubadilika.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza kizito. Kama kinakusumbua, tafuta mwalimu wako mkae nacho nusu saa. Kila kozi ina mstari wake, na kwenye mstari huo kuna jina la kozi na namba yake, sifa za kujiunga, pointi za chini za chuo, idadi ya nafasi, na miaka ya kusoma. Sifa za kujiunga zisome hadi nukta ya mwisho. Mara nyingi sharti gumu limewekwa mwishoni, likianza na neno la "pia" au "endapo". Kozi nyingi za biashara na uchumi, kwa mfano, zinamtaka asiyesoma Hisabati ya juu awe na sabsidiari (alama ya S) ya BAM, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Wanafunzi wa HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) huanguka hapo, kwa sababu cheti cha kidato cha nne walishakisahau kabatini.

Idadi ya nafasi nayo ina habari. Kozi yenye nafasi 50 inayotamaniwa na nchi nzima haitachukua watu wenye pointi za chini, hata kama kitabu kinawaruhusu kuomba. Pointi za chini zinakuruhusu kusimama kwenye mstari, kisha chuo kinachagua kuanzia juu. Muhimbili hupokea waombaji wa udaktari wenye A na B tele, na mwenye D tatu anapaswa kujua anashindana na nani.

Panga chaguo zako

Vyuo vingi hukuruhusu kuchagua kozi kadhaa kwa mpangilio. Ushauri ninaowapa vijana wangu ni kuandika karatasini kozi za aina tatu: moja unayoitamani hata kama ushindani ni mkali, mbili au tatu ambazo pointi zako ziko juu kidogo ya kiwango cha chini, na moja ambayo una hakika nayo na ungeisoma kwa moyo. Usijaze nafasi ya mwisho ilimradi imejaa. Ukichaguliwa huko utakaa miaka mitatu au zaidi.

Omba vyuo viwili au vitatu. Ada ya maombi kwa miaka kadhaa sasa imekuwa shilingi 10,000 kwa kila chuo, na kwa familia nyingi vyuo sita ni fedha ya chakula. Vyuo viwili vilivyochaguliwa kwa makini vina faida kuliko sita vya kubahatisha.

Angalia ada mapema, hasa kozi za afya. Udaktari katika chuo binafsi hugharimu mara kadhaa ya ule wa chuo cha umma, na mkopo hauahidi kufidia yote. Hayo yazungumzwe na mzazi kabla ya kuomba. Nimeshuhudia baba akiishika barua ya udahili huku ameinamisha kichwa, kwa sababu ada iliyoandikwa ndiyo kwanza anaiona.

Na usiangalie Dar es Salaam peke yake. Kuna Dodoma, Mzumbe, Sokoine pale Morogoro, Mbeya kwa wenye mwelekeo wa ufundi na sayansi, SAUT na Bugando Mwanza, Ushirika Moshi, SUZA Zanzibar. Kozi ileile uliyoikosa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huenda ina nafasi Mkwawa, Iringa.

Kujaza fomu

Dirisha la awamu ya kwanza kwa kawaida hufunguliwa katikati ya Julai na kufungwa Agosti. Tarehe kamili ichukue kwenye tangazo la TCU la mwaka huo. Usisubiri siku mbili za mwisho, mifumo huelemewa.

Ingia tovuti ya chuo, fungua akaunti kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, kisha ingiza na ya kidato cha sita. Namba huanza na S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa wa kujitegemea, ikafuata namba ya kituo, namba yako na mwaka. Mfumo utavuta matokeo yako wenyewe kutoka NECTA. Ukiona jina au alama si zako, simama hapo hapo, umekosea tarakimu.

Mfumo utakupa namba ya malipo, ile wengi huiita kontrol namba. Lipa kwa simu au benki, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina la anayelipwa: liwe la chuo. Malipo yakionekana, chagua kozi, pitia kila kitu mara mbili, halafu wasilisha. Kuna wanaojaza hadi mwisho wakasahau kubonyeza kitufe cha kuwasilisha, na maombi yao hubaki rasimu. Rudi kesho yake uone kama imeandikwa kwamba maombi yamepokelewa.

Sasa lile la simu. Wengi hatuna kompyuta, tunakwenda stesheneri, na vijana wa stesheneri wengi ni waaminifu na wamesaidia watu wengi. Lakini kijana huyo ana foleni ya watu thelathini. Ili asihangaike, anaweka namba yake ya simu na barua pepe yake kwenye fomu za wote. Mwaka mmoja binti wa jirani yangu alichaguliwa vyuo viwili, na namba ya siri ya kuthibitisha ikaenda kwenye simu ya aliyemjazia. Yule bwana alikuwa amesafiri msibani, simu imezimwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila muda wa kuthibitisha ulipita na binti akaanza upya awamu iliyofuata.

Kaa naye pembeni anapojaza. Sehemu ya simu mtajie namba yako, sehemu ya barua pepe mtajie yako, nywila ichague wewe. Mwambie kwa heshima, "Kaka, naomba tutumie ya kwangu." Hatakataa.

Mkopo uombwe sambamba

Usisubiri kuchaguliwa ndipo uombe mkopo. Dirisha la Bodi ya Mikopo, HESLB, huenda sambamba na udahili, na hufungwa. Wazanzibari wana pia bodi yao ya mikopo.

Ada ya maombi HESLB imekuwa shilingi 30,000. Unajaza mtandaoni, unachapisha fomu, unaisaini wewe na mdhamini wako, unaipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa hakimu au wakili. Baadaye kurasa zilizosainiwa zinapakiwa kwenye mfumo. Saini moja ikikosekana, maombi hayajakamilika. Ambatisha kila uthibitisho unaokuhusu: uhakiki wa RITA, vyeti vya vifo, namba ya kaya ya TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), fomu ya ulemavu iliyosainiwa na mganga mkuu. Usione aibu kueleza hali ya nyumbani jinsi ilivyo. Bodi inapanga kwa uhitaji, na haiwezi kuuona usipouonyesha.

Jambo moja hukosesha watu mkopo kimyakimya. Kama ulirudia kidato cha nne una namba mbili za mtihani. Ile uliyotumia kuomba chuo ndiyo utumie kuomba mkopo, na majina yawe yaleyale. Zikitofautiana, Bodi haiwezi kuunganisha maombi yako na udahili wako.

Fedha ya mkopo, au bumu kama wanachuo wanavyoiita, ni deni. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi liishe. Hilo lisikuzuie kuomba, lakini mzazi na mtoto walijue wote.

Waliofaulu sayansi kwa kiwango cha juu kabisa wafuatilie orodha ya Samia Skolashipu inayotolewa na Wizara ya Elimu.

Ukichaguliwa

Vyuo hutangaza majina baada ya uhakiki wa TCU. Ukichaguliwa chuo kimoja tu, nafasi ni yako, ingia kwenye akaunti uone maelekezo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Isipokuja, ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka uiombe tena. Usimpe mtu namba hiyo, na usithibitishe kwa haraka: mpigie mzazi, linganisha ada, kozi na umbali, kisha amua siku hiyo au kesho yake.

Ukikosa

Kuna awamu ya pili, na mara nyingi ya tatu. Usirudie kozi ileile katika chuo kilekile ukitarajia jibu jingine. Tafuta tangazo la kozi zenye nafasi, rudi kwenye jedwali la pointi, omba kwa hesabu.

Ikiwa pointi hazifiki 4, shahada mwaka huu haiwezekani, na ni bora kulikubali mapema. Njia mbili zipo. Ya kwanza ni stashahada kupitia vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi: ukimaliza na wastani wa 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, unaomba shahada kwa namba ya uhakiki wa tuzo, inayoitwa AVN. Ya pili ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Nina wanafunzi waliopita njia ya stashahada ambao walipofika shahada waliwazidi wenzao kwa vitendo, hasa maabara na uhasibu.

Aliyesoma Kenya, Uganda au kwingineko aanze NECTA kupata ulinganifu wa cheti chake, maana bila huo mfumo wa chuo hautamtambua.

Siku ya kuripoti

Pakua barua ya udahili na maelekezo ya kujiunga kwenye akaunti yako. Fomu ya uchunguzi wa afya ipelekwe hospitali ya serikali kabla hujasafiri. Beba vyeti halisi, nakala tatu za kila kimoja, picha za pasipoti, risiti za malipo na kadi ya bima kama unayo. Chumba cha hosteli kiombe mtandaoni mara chuo kinapofungua, kwa sababu vitanda havitoshi wote na nyumba za kupanga jirani na chuo hupanda bei Oktoba.

Vyeti halisi visikae kwenye begi la juu ya basi. Viweke kwenye bahasha ya plastiki, uvipakate.